Mlinzi wa Mama Video

Mama Video alikuwa anaimba sauti ya nne kanisani. Wanaume wa besi walikuwa wachache, naye alisimama katikati yao na kilemba chake, na mgeni yeyote aliposikia ule mngurumo unatoka kwa mwanamke aligeuka kutazama. Yeye hakuona ajabu. Alisema siku anaumbwa Mungu alimpa koo lililokuwa karibu na mkono.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya kibanda chake cha kuonyesha filamu, nje kidogo ya Kharumwa, kwenye njia ya kwenda machimboni. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye mtoto hakuwa naye, au kama alikuwa naye hakumtaja, basi watu wakampa televisheni. Aliitika bila kinyongo.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la kibanda chake, na kati yangu na filamu palikuwa na bati tu. Nilishona suruali za wachimbaji, ambazo huchanika magotini kuliko nguo yoyote niliyowahi kuishika, huku nikisikiliza. Kuingia ndani sikuingia. Kazi haikuniruhusu, na joto la mle lilinishinda. Kwa hiyo filamu zake zote nilizijua kwa masikio tu.

Vibanda vingine vilinunua filamu zilizokwisha kutafsiriwa na madijei wa mjini. Mama Video alitafsiri mwenyewe, papo hapo, akiwa amekaa nyuma ya pazia pembeni mwa kioo, na kipaza sauti cha kubonyeza mkononi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Kifaransa na vile vingine hakujua hata vinaitwaje. Nilipomuuliza anajuaje wanachosema, alinijibu kwamba hasikilizi maneno. Anamtazama mtu anavyomeza mate kabla ya kusema.

Filamu iliyompa jina hadi machimbo ya mbali ilikuwa ya zamani, ya mapenzi na wizi na kichekesho. Aliinunua Kahama, kwenye rundo la santuri zisizo na makasha. Kama alivyotusimulia yeye, kuna mwanamume na mwanamke ambao kila mmoja kivyake anataka kuiba mkufu nyumbani kwa tajiri. Wanakutana humo humo ndani, kila mmoja anajifanya mgeni mwalikwa, wanadanganyana, wanaibiana, na katika kuibiana huko wanapendana. Mwanamume Mama Video akamwita Masanja, mwanamke akamwita Kabula. Tajiri akamfanya mnunuzi wa pamba wa Kishapu. Masanja akining'inia dirishani kwa kamba, chini mbwa wanabweka, Mama Video alimfanya aanze kumuuliza Kabula baba yake atataka ng'ombe wangapi. Wachimbaji walicheka hadi bati la mgongoni mwangu likatetemeka.

Yeye hakucheka. Sijawahi kumsikia akicheka, si kwenye filamu wala nje yake. Nje ya kipaza sauti alikuwa mtu wa maneno machache, mpole, anayefagia kibanda na kunyunyizia maji kabla ya kila onyesho kama anayemngojea mkwe. Alikunywa maji ya moto matupu bila majani. Macho yake yalikuwa mekundu muda wote kwa moshi wa jenereta na kukodolea kioo. Nilimwambia mara nyingi atafute dawa ya macho, kwa maana mwanamke mtu mzima mwenye macho mekundu, katika nchi yetu, watu wanamdhania mchawi. Alisema anayetaka kumwogopa atapata tu sababu.

Na wezi aliwachukia. Kuna mtu aliwahi kumwibia mche wa sabuni uani, akamkimbiza mpaka kwenye karasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, akamrudisha kwa kumshika mkanda. Siku hiyo hiyo jioni aliwatorosha Masanja na Kabula na mkufu wao kwa sauti ya mtu anayewaombea. Nilipomwambia hilo haliendani alisema wale wanaiba ili waonane.

Kilichonitisha kwake, tangu mwanzo, ni namna alivyochukua sauti za watu. Ukizungumza naye hakukutazama usoni. Aliinamisha kichwa, akakuelekezea sikio. Baada ya siku kadhaa sauti yako ilitokea kwenye filamu, mdomoni mwa mtu mwingine. Haikuwa kuigiza kwa kutania. Asubuhi moja nilikuwa nimeshika pini midomoni, napinda upindo wa suruali, nikasikia sauti yangu mwenyewe nyuma ya bati inamgombeza Kabula kwa kuchelewa kurudi. Ilikuwa yangu kabisa, na ule mkwaruzo wangu wa asubuhi, na neno "wewe nawe" ninalolisema bila kujua. Nilitema pini nikaanza kusema peke yangu, kujihakikishia kwamba bado ninayo.

Sauti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Baba Kulwa.

Baba Kulwa alikuwa mchimbaji, mwenyeji wa Kishapu, mume wa Mama Kulwa aliyekuwa anauza uji na viazi hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa na sauti ya chini iliyojaa vumbi, polepole, ya Kisukuma kabisa. Wali kwake ulikuwa "wari" na habari ilikuwa "habali", na kila sentensi aliimalizia kwa "bhebhe", yaani wewe, hata akiwa anazungumza na mbuzi. Alipenda kuwahi kibandani kabla ya onyesho, akikaa kwenye benchi la mbele na kumsimulia Mama Video habari za chini ya ardhi, na Mama Video akifagia huku amemtegea sikio.

Katika ile filamu kuna mlinzi. Anakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba chenye mkufu, na Masanja na Kabula wanampita kwa kunyata, wakirudi tena kwa kuwa wamesahau kitu, wakipita tena. Mama Video alimpa sauti ya Baba Kulwa. Mlinzi akawa analalamika kwamba chai haijaletwa, kwamba koti lililetwa dogo, kwamba mke wake amemwekea viazi vya jana. Mama Kulwa alipolisikia hilo la viazi akiwa kwenye jiko lake aliacha mwiko akaenda kusimama mlangoni na mikono kiunoni, na watu wakacheka zaidi. Baba Kulwa mwenyewe alicheka kuliko wote.

Masika duara lao liliporomoka. Duara ni shimo la dhahabu, linakwenda chini kama kisima kisha linatawanyika kwa njia za pembeni, na magogo ya kulizuia yalikuwa yamelowa. Ilikuwa asubuhi. Wengine walitolewa hai, wengine walitolewa. Baba Kulwa hakuonekana. Mwenye duara, mtu mwenye mali na ndugu wengi, alisema wote walikuwa kwenye mwamba mkavu, wachimbwe huko. Walichimba huko mpaka mikono ikakataa. Mwishowe ikasemwa inatosha, pale ndipo kaburi lake, na padri akaja akasali juu ya udongo.

Mama Kulwa hakukubali. Hakupiga kelele. Alikataa tu kunyoa nywele, akakataa kumaliza tanga, akasema hajazika. Kila alfajiri aliwasha jiko na kukoroga uji, na kikombe cha kwanza alikifunika kwa sahani na kukiweka pembeni.

Kibanda kilifungwa wakati wa msiba. Kilipofunguliwa watu walitaka kucheka, na wakaomba ile ya Masanja na Kabula. Nilidhani Mama Video atampa mlinzi sauti nyingine, au atamwacha bubu. Nilikuwa nashona mfuko wa shati. Masanja amepita, Kabula amepita, kukawa kimya, halafu Baba Kulwa akasema kwamba chai haijaletwa, bhebhe.

Mguu wangu ulisimama kwenye pedeli. Ndani hakuna aliyecheka wala aliyekohoa. Filamu iliendelea hadi mwisho wake, watu wakatoka bila kusemezana, na kwenye jiko lake niliona Mama Kulwa amesimama na mwiko, uji unafurika unazima moto.

Onyesho lililofuata aliingia. Mama Video hakumtoza. Alikaa kwenye benchi la mbele, mahali pa mumewe, na kuanzia hapo kila filamu ile ilipowekwa alikuwa pale, kitenge kipya, mikono mapajani kama yuko ibadani. Watu walianza kuja kutoka maduara ya mbali. Waliingia wamevua kofia. Kichekesho kilikuwa kinaendelea kama kawaida, mbwa wanabweka, Masanja anadondoka kwenye pipa, na hakuna aliyekuwa na habari nacho. Walikuwa wanamngoja mlinzi. Mlinzi alisema mambo madogo. Kuna baridi. Koti ni dogo. Nani amemlisha mbuzi. Mama Kulwa alijibu kwa sauti ya chini kabisa, na mimi nyuma ya bati niliwasikia wote wawili.

Nilimwambia Mama Video aache. Nilimwambia anamfunga yule mwanamke kamba. Aliinamisha kichwa akanitegea sikio, kisha akasema anaona kamba ilikuwapo kabla yake, ila hajui amfungulie vipi.

Halafu ikaja siku ya Jumapili, baada ya ibada, kibanda kimejaa hadi nje. Mlinzi akaonekana. Akanyamaza kuliko kawaida yake, kisha akasema, "Wananitafuta kwenye mwamba mkavu. Mimi nipo huku kwenye maji, bhebhe."

Sikusikia neno jingine. Nilisikia benchi linaanguka. Shemeji yake Mama Kulwa, mdogo wake marehemu, alitoka mbio na wenzake, na kesho yake asubuhi waliteremka, ingawa mwenye duara alikuwa amesimama juu akiapa kwamba njia ya majini haipo. Ilikuwapo. Ilikuwa imeelekea bondeni, chini ya kijito, na mlango wake ulikuwa umezibwa kwa mawe. Walimkuta huko. Mama Kulwa alipoambiwa alikaa chini, akafungua kilemba, akaomba wembe.

Alizikwa kwao Kishapu. Na msiba ulipokwisha watu wakaanza kuuliza.

Swali lilikuwa moja, likienda kutoka jikoni hadi kwenye karasha na kurudi: alijuaje? Mwenye duara alikuwa na jibu tayari. Alisema anayejua alipofichwa mtu ni aliyemficha. Alisema mtazameni macho. Wateja wa kibanda, wale wale waliovua kofia, wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano chini ya turubai la mnada, na mimi nikaenda nikiwa nimejiandaa kusema, ingawa sikujua nitasema nini.

Mama Video alisimama mbele akiwa amevaa sare ya kwaya. Aliulizwa. Akajibu kwa ile sauti yake ndogo ya nje ya kipaza, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Mimi ni mtafsiri," alisema. "Nasema anachosema aliye kwenye kioo."

Mwenyekiti akamuuliza, kwa hiyo ni marehemu aliyesema? Alitazama chini. Mtu mmoja nyuma akasema mnaona, na mngurumo ukapita chini ya turubai. Nilimwona mwenye duara ameanza kusimama, ndipo Mama Kulwa, kichwa kimenyolewa, akasimama kabla yake.

"Mimi nimezika," alisema. "Ninyi wengine mnamdai nini?"

Mkutano ukaisha bila kuamuliwa kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kuamuliwa. Asubuhi chache baadaye nilipofika kufungua kazi nilikuta panga limelazwa kwenye kizingiti cha kibanda, jipya, makali yameelekezwa ndani. Mama Video alikuwa amelikuta kabla yangu. Alikuwa amefagia kulizunguka bila kuligusa. Alifunga televisheni kwa kitenge, akapanda nayo bodaboda akiikumbatia, na aliniachia ufunguo wa kibanda na sufuria lake la maji ya moto. Hakuniambia anakwenda wapi. Mama Kulwa naye hakukaa. Ikasemwa amerudi kwao.

Nilibaki pale nikishona, nyuma ya bati kimya. Kibanda kikawa ghala la mahindi, na panya wakawa wanakimbizana humo. Nilianza kuogopa kukaa na mgongo kwenye lile bati, nikahamisha cherehani, kisha nikahama mwenyewe.

Sasa nipo Kahama, nina fremu yangu ya duka. Mwaka huu nilipata kazi ya kushona sare za kwaya moja ya Nyahanga, na siku ya kuwapima nilimkuta mwanamke amesimama katikati ya wanaume wa besi. Amepungua mwili. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, ameinamisha kichwa, akanitegea sikio. Akasema fundi, bado unashika pini kwa mdomo.

Alinichukua hadi kwake mchana ule ule. Ni nyumba ndogo ya tofali, safi, uani kuna kuku. Aliyetoka jikoni na birika alikuwa Mama Kulwa.

Sikuweza kuficha mshangao. Walinieleza kwa zamu, kama watu waliokaa pamoja muda mrefu. Mama Kulwa alimtafuta kwa kuuliza wenye bodaboda, akaja kumshukuru, akalala siku moja, hakuondoka. Watoto wake Mama Kulwa wamekua, wanawatembelea. Wanauza mayai. Kibanda hawana tena, watu wote sasa wanatazama kwenye simu. Ile filamu bado wanayo. Mmoja wa watoto aliitafuta akawawekea kwenye flashi, nzima, na sauti zake zenyewe, na wao huitazama mchana kazi zikiisha.

Waliniuliza kama nitapenda kuiona. Nikawaambia sijawahi kuiona hata siku moja.

Basi nilikaa kwenye kochi kati yao, nikamwona Masanja kwa mara ya kwanza. Ana kipara kinachoanza. Kabula si msichana, ni mwanamke mtu mzima mwenye kiuno kipana na macho ya kuchoka, na nilimpenda zaidi. Sikuelewa neno lao hata moja, lakini kila walichofanya nilikijua. Nilijua mbwa watabweka lini. Nyumba ya mnunuzi wa pamba ilikuwa kubwa na baridi kuliko nilivyoijenga kichwani, korido ndefu zisizo na watu, na vicheko vya wageni vikitoka vyumba vya mbali.

Kisha akaonekana mlinzi. Ni mtu mwembamba, mzungu, mwenye masharubu, na mdomo umefumbwa. Masanja akapita, Kabula akapita. Mdomo haukufunguka. Wakarudi, wakapita tena, naye ametazama mbele tu. Nilimgeukia Mama Video nikamuuliza, mbona hasemi.

"Hajawahi kusema," alinijibu. "Hana neno hata moja humu. Nilimwonea huruma nikampa."

Nikamuuliza kuhusu maji. Nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu, na kama nisingeuliza pale nisingeuliza tena. Alitazama upande wa Mama Kulwa kwanza, na Mama Kulwa akaashiria kwa kichwa kwamba sawa. Akaniambia Baba Kulwa alikuwa amemsimulia njia ya majini alipokuwa akiwahi benchi. Ilikuwa njia ya wizi, imeingia chini ya eneo la mchimbaji mwingine, na mwenye duara aliwaapisha wasiitaje. Kumtaja mwenye duara hadharani, mwanamke wa peke yake kama yeye, hakuthubutu. Alikaa nalo, likamnyima usingizi, mwishowe akaona mlinzi ataweza kusema yeye asichoweza.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe," nilisema.

Filamu ilikuwa imeganda, Mama Kulwa ameisimamisha kwa rimoti.

"Nilikuwa nimekusudia kusema siku ile," alisema. "Nilikuwa nayapanga maneno. Kidole kilikuwa bado hakijabonyeza kipaza, fundi. Na mimi nikasikia kama mlivyosikia ninyi."

Nje kuku mmoja alitetea kisha akaacha. Mama Kulwa alimimina chai vikombe vyote, akatupa kila mmoja chake, na akarudisha filamu nyuma kidogo hadi pale mlinzi anapotokea. Kisha akashusha sauti yote, ikawa picha tupu. Niliona kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya kila mara, kwa sababu Mama Video aliweka kikombe chini kabla hajaambiwa.

Mlinzi alikaa kwenye kigoda chake. Wezi walipita nyuma yake kimya. Sikusikia kitu chochote, na nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, kwa masikio ambayo ndiyo kazi yangu kwenye filamu ile. Mama Kulwa alikuwa amesogea mbele, midomo yake inacheza kidogo. Halafu alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyetaniwa na mtu wake.

Mama Video alimgeukia. Ndiyo mara pekee niliyoona uso wake una wivu.

"Amesema nini?" alimuuliza.

"Ya nyumbani," Mama Kulwa akajibu, na akapandisha sauti.